Asumini Kichwani, Chaza Mikononi

Bibi yangu wa Makunduchi, kusini Unguja, alikuwa akitunga asumini jioni, kabla ya Magharibi, zikiwa bado zimefumba. Ukisubiri mpaka zifumbue, alisema, zitakuwa zimeshawapa harufu watu wasiohusika. Alikaa barazani, sahani ya asumini mapajani, sindano na uzi mkononi, na hakutaka mtu amsemeshe mpaka koja limalizike. Kwake asumini hazikuwa maua. "Maua ni ya kutazama," aliniambia. "Asumini ni za kuvaa."

Naanza na bibi kwa sababu harufu yake ndiyo iliyonifikisha Xunpu, kijiji cha China.

Ilikuwa Septemba, mwezi wangu wa kwanza Quanzhou, mji wa bandari katika jimbo la Fujian, kusini mashariki mwa China. Nilikuwa nimesimama ndani ya basi, kichwa kimechoka kwa lugha niliyokuwa naishika nusunusu, mara ikanipitia harufu ya asumini. Si manukato ya chupa. Asumini mbichi, zilizochumwa jana yake. Nikageuka. Nyuma yangu alisimama mama wa makamo, ndoo mbili miguuni, nywele kazifunga fundo kisogoni, na fundo lile limezungushiwa makoja ya maua, duara nje ya duara, meupe, ya manjano, mekundu, na katikati umepitishwa mti mmoja mrefu mweupe kama mfupa. Ndoo zilijaa chaza waliokwisha kutolewa kwenye makombe. Alikuwa akienda sokoni kuuza. Hakuwa bibi harusi wala hakuwa akienda ngomani. Ilikuwa Jumanne tu.

Nilimtazama mpaka akashuka, na nusura nishuke naye.

Xunpu ni kijiji cha wavuvi pale Mto Jin unapoingia baharini. Nasema kijiji kwa mazoea tu, kwa kuwa mji umeshakizunguka, na maghorofa yanakichungulia kutoka pande tatu. Quanzhou yote, ukihesabu wilaya zake na miji iliyo chini yake, ina watu zaidi ya milioni 8, na katika viwanda vya Jinjiang, ng'ambo ya mto, hushonwa viatu vya michezo vinavyovaliwa kote duniani. Katikati ya hayo yote wanawake wa Xunpu wameendelea kuchomeka maua kichwani kila asubuhi kabla ya kushika kazi. Pambo hilo huitwa zanhua wei, yaani uzio wa maua. Asumini huingia, na krisanthemu, na maua mengine kwa msimu wake. Blauzi yao ni fupi, suruali ni pana na nyepesi, ya mtu anayekanyaga matope ya bahari. Hereni zao husomeka: msichana huvaa zisizoning'inia, akiolewa huongeza kining'inio, na akishapata wajukuu hubadili umbo. Ukimtazama mwanamke sikioni unajua umsalimie vipi. Nilipoelezwa hilo nilifurahi mno, kwa sababu kwetu pia leso ilivyofungwa inaweza kukwambia mambo kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Mwaka 2008 desturi hizi za wanawake wa Xunpu ziliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika. Wanawake wenyewe waliendelea kubanja chaza.

Halafu kuna nyumba. Nyumba za zamani za Xunpu zina kuta za makombe ya chaza, makubwa kama kiganja, yamepangwa safu juu ya safu, yameinamishwa ili maji ya mvua yateleze. Wenyewe wana msemo kwamba tofali hukaa miaka elfu, chaza hukaa miaka elfu kumi. Chumvi ya bahari, ambayo hula tofali kidogo kidogo, haiwezi kombe. Ndani ni baridi wakati wa jua na vuguvugu wakati wa kipupwe. Mara ya kwanza niliupapasa ukuta ule kwa mikono miwili kama kipofu. Mimi ni mtoto wa nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Najua nyumba iliyojengwa kwa kilichotoka baharini inavyokuwa, namna inavyotoa jasho wakati wa masika, namna unga mweupe unavyobaki begani ukiegemea. Sikuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa bahari kuna watu wengine waliotazama ufukwe wao wakaona nyumba.

Wazee wa pale husimulia kwamba makombe hayo makubwa hayakutoka kwenye ghuba yao. Eti jahazi zilizopeleka hariri na vyombo vya kaure nchi za mbali zilirudi nyepesi, hivyo mabaharia wakajaza makombe tumboni mwa chombo yawe farumi, wasipinduliwe na mawimbi. Wengine wakisimulia hufika mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Kila aliyejua natoka Zanzibar alinisimulia kisa hiki huku akinyoosha kidole kwangu, kama kwamba nimekuja kudai makombe yetu. Ni simulizi, naipokea kama simulizi. Lakini safari zenyewe si simulizi. Mwaka 1974 ilifukuliwa katika ghuba ya Houzhu meli ya enzi ya Song (karne ya 10 hadi 13), chini yake imegawanywa vyumba 13 ili maji yakiingia kimoja yasiingie vyote, na ndani yake kulikuwa na miti ya manukato, pilipili manga, ubani, ambari, kauri na magamba ya ng'amba. Soma tena orodha hiyo ukiwa mtu wa pwani. Nusu yake ipo katika sanduku la bibi harusi.

Na kwetu? Mwaka 1945, Kajengwa, hapo hapo Makunduchi, ziliokotwa sarafu 176 za Kichina, nyingi zikiwa za enzi hiyo hiyo ya Song. Nilikua nikipita Kajengwa nikienda shule, na sikujua habari ya sarafu mpaka nilipokuja kuisoma Quanzhou. Ofisa wa forodha wa bandari hii, Zhao Rugua, aliandika mwaka 1225 habari za nchi za ng'ambo alizosikia kwa mabaharia, na mojawapo aliiita Cengba, jina ambalo wataalamu hulihusisha na pwani yetu ya Wazenji. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na katika miaka ya 1340 akateremka hapa Quanzhou, mji ambao Waarabu waliuita Zaytun, kutokana na jina la mti wa citong wenye maua mekundu, wa jamii ya mwamba-ngoma wetu. Hata lile neno asumini limefika huku. Wachina wa kale waliandika yeximing, wakilifuata neno la Kiajemi kama sisi tulivyolifuata. Siku hizi wana jina jingine, lakini nilipolikuta lile la kale nilikaa nalo siku nzima nikilitamka.

Sasa niseme kilichobadilika.

Julai 2021 UNESCO iliiandika Quanzhou katika Urithi wa Dunia, maeneo 22 kwa pamoja, kama mji wa biashara ya bahari wa enzi za Song na ile ya Yuan iliyoifuata. Kisha mwanzoni mwa 2023 zikaenea picha za mwigizaji mashuhuri Zhao Liying akiwa amevaa maua ya Xunpu. Ukafuata msemo uliokuwa kila mahali: chomeka maua maisha haya, uwe mzuri maisha yajayo. Na watu wakaja. Sijui niulinganishe na nini umati ule. Vichochoro vya Xunpu ni vya upana wa watu wawili wenye ndoo, na sasa vilijaa wasichana kutoka kila jimbo, kila mmoja na maua kichwani, kila mmoja na mpiga picha wake, wakisubiri zamu mbele ya ukuta mmoja wa makombe. Vyumba vya mbele, ambako zamani walikaa wanawake wakibanja chaza, viligeuka studio za kuvalisha maua. Maua mengi ni ya plastiki. Yanashika umbo mpaka jioni, hayanyauki, kesho atavishwa mwingine. Na hayanuki.

Hili la plastiki liliniuma kuliko umati. Najua ni la biashara, asumini mbichi hazitoshi vichwa vyote vile. Lakini nilipita kichochoro kizima cha maua nisisikie harufu hata ya ua moja, na nikahisi kama nimeingia nyumba ya harusi iliyo kimya.

Mwenyeji wangu katika haya yote ni bibi mmoja mwenye umri unaopita themanini. Namwita A-ma, kama wajukuu zake wanavyomwita, kwa lugha yao ya Minnan. Hasemi Kichina cha shuleni ila maneno machache, nami Minnan yangu haivuki "umekula?" na "kunywa chai". Mjukuu wake hutufasiria, na siku mjukuu hayupo tunakaa tu. Yeye anabanja, mimi nachambua. Anashika chaza kwa mkono wa kushoto, chuma chenye ncha kwa kulia, anapiga pembeni, anapindua, nyama inaruka bakulini, kombe linaruka kwenye rundo. Sijawahi kumwona akitazama mikono yake.

Chumba chake cha mbele amekipangisha kwa studio. Nilipojua, sikuficha huzuni yangu. Nilimuuliza mjukuu, kwa adabu niliyoiweza, kwa nini. Akamfasiria, na A-ma akacheka mpaka akaweka chuma chini. Akasema (nanukuu tafsiri ya mjukuu): "Miaka sitini nimebanja hapo mbele kwa sababu hapakuwa na kazi nyingine. Sasa chumba kinabanja badala yangu."

Nilinyamaza. Mama yangu mimi ni mkulima wa mwani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara Unguja, wanawake wa pwani yetu ya mashariki wameinama majini kwa mgongo na magoti, maji ya chumvi mpaka kiunoni, na wageni wa hoteli huwapiga picha kwa mbali kwa sababu kanga zao zinapendeza juu ya maji ya buluu. Kama kesho mtu angemwambia mama, "Nipangishe uwa wako nikulipe zaidi ya mwani wa mwaka mzima," ningekuwa na uso gani wa kumwambia akatae ili desturi isipotee? Urithi tunaoulilia sisi tuliosoma, mara nyingi ni maumivu ya mgongo wa mtu mwingine. Nilijifunza hilo kwenye kigoda cha A-ma, na ninalishika.

Lakini pia nimeona upande wa pili, na sitaki kuufunika. Nyumba ya jirani yake iliachwa na wenyewe wote. Kodi ilipanda, familia ikahamia ghorofani ng'ambo ya barabara kuu, na nyumba nzima sasa ni nguo za kukodisha na vioo. Jioni wafanyakazi wanafunga mlango na kurudi mjini. Usiku upande ule wa kichochoro hauna taa wala mtoto analia. A-ma hakuhama. Alitoa chumba cha mbele, akabaki na uwa, jiko na chumba cha kulala, na chaza hubanjia uani, karibu na mlango wa nyuma, ambako shoga zake wawili huja kila asubuhi na vigoda vyao. Chaza wenyewe, ameniambia, siku hizi wengi huletwa kwa gari kutoka pwani nyingine. Maua kichwani huchomeka mwenyewe, mabichi, huletewa na mwanamke wa kijiji cha jirani. Kati ya nyumba hizo mbili, zenye ukuta wa makombe ule ule na picha zile zile mtandaoni, naona tofauti yote ninayoijali: nani analala humo.

Watu wa Quanzhou wenyewe wanalijua jambo hili kwa maneno yao. Kuhusu mji wao wa kale husema lengo ni kuona watu, kuona vitu, kuona maisha. Ukitembea Mtaa wa Magharibi, chini ya minara miwili ya mawe ya hekalu la Kaiyuan, minara ya karne ya 13, utaona wamejitahidi. Maghorofa marefu hayakuruhusiwa kuubana mji wa kale. Nyuma ya maduka ya vinywaji na zawadi, ukikata kichochoro kimoja tu, kuna mzee anaanika mboga, kuna mama anachota mianxian hu, ule uji mzito wa tambi nyembamba wa asubuhi, kuna wazee wanapiga nanyin, muziki wa kale wa huku, kwa ala ya nyuzi iitwayo pipa, iliyolazwa mapajani, wimbo wa polepole ambao mara ya kwanza nilidhani hautaanza. Kuna kuta walizojenga kwa mawe na vipande vya tofali pamoja, na wenyeji hueleza kwamba mtindo huo ulitokana na vifusi vya tetemeko kubwa la mwaka 1604. Ningeweza kuandika kurasa kumi juu ya kuta hizo, nitaziacha siku nyingine.

Mtaa wa Tumen siwezi kuupita, lakini. Hapo upo msikiti wa Qingjing, ulioasisiwa mwaka 400 wa Hijra, sawa na 1009. Maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe lake yanasema kwamba baada ya miaka 300 ulitengenezwa upya na Ahmad bin Muhammad wa Shiraz. Nilisoma neno Shiraz nikashika ukuta. Msikiti wa Kizimkazi, jirani zetu, una maandishi ya mwaka 1107, na hadi leo wazee wa kusini Unguja hujiita Washirazi. Ukumbi wa kale wa Qingjing hauna paa. Kuta zimesimama wima, aya zimechongwa kuuzunguka, na juu ni mbingu. Watu husali katika ukumbi mwingine pembeni. Na hatua chache tu kando yake ni hekalu la Guan Yu, jemadari wa kale anayeabudiwa, moshi wa udi haukatiki, akina mama wanarusha sakafuni vipande viwili vya mti mwekundu vya umbo la mwezi mchanga kuuliza kama mtoto atafaulu mtihani. Siku ya Ijumaa nimetoka sala nikapita katikati ya moshi ule, na mzee mmoja wa hekaluni, akiniona na mtandio wangu, akanipisha njia kwa mikono miwili. Mji huu umezoea majirani wa namna hii kwa miaka elfu.

Nilipowasimulia rafiki zangu wa Unguja haya, mmoja aliniuliza: je, Mji Mkongwe wetu? Nilikuwa nalo jibu lakini halikunitoka. Mji Mkongwe umekuwa Urithi wa Dunia tangu 2000. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, iliporomoka na watu wawili wakafa, na sote tulilia, kwa haki. Lakini hatukulia vile kwa kila nyumba iliyogeuka hoteli, familia ikatoka na sahani zake na baraza ikabaki na mito ya mapambo. Nyumba ya namna hiyo haiporomoki, hupakwa chokaa vizuri. Ndiyo maana hatuioni ikiondoka.

Na Mwaka Kogwa wetu wa Makunduchi? Kila Julai wageni huja na kamera kutazama wanaume wakipigana kwa mabua ya migomba na kibanda kikichomwa moto. Nimekuwa nikikasirishwa na kamera hizo tangu utotoni. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza wa kalenda yao nilihudhuria hapo Xunpu msafara wa Mazu, mama mlinzi wa mabaharia, anapotolewa hekaluni na kuzungushwa kijijini. Kamera zilikuwa nyingi kuliko nilizowahi kuona maishani. Fataki, moshi mwekundu, ngoma, wanawake mamia kwa mamia katika mavazi yao. A-ma alikuwa mstari wa mbele ameshika udi, na mpiga picha mmoja alimsogelea usoni mpaka nikataka kumsukuma. Yeye hakumwona kabisa. Midomo yake ilikuwa ikienda. Mjukuu aliniambia anataja majina ya waliokufa baharini, mmoja mmoja, na hawezi kukatizwa mpaka amalize. Sijui kama hasira yangu ya kamera za Mwaka Kogwa imekwisha. Imepungua.

Mwezi uliopita nilimpigia mama kwa video nikiwa uani kwa A-ma. Mama alikuwa ametoka mwani, kanga bado mbichi kiunoni. Nikawaonyesha wao kwa wao. Mama akasema kwa Kimakunduchi, nikafasiri kwa Kichina, mjukuu akafasiri kwa Minnan, na jibu likarudi njia ile ile, kila swali linachukua dakika nzima na hakuna aliyechoka. Mama aliuliza koja moja linaingia asumini ngapi. A-ma akasema hahesabu, hupima kwa kuzungusha kwenye ngumi yake, likitosha ngumi linatosha fundo. Mama akapiga ukelele. Bibi naye alipima kwa ngumi.

Kisha A-ma akauliza kwa nini mimi sivai, nami mtoto wa watu wanaovaa. Akaingia ndani, akatoka na koja jipya lililofungwa katika jani, akanivuta niketi chini ya magoti yake, akanifunga nywele. Mikono yake ilikuwa na baridi na ilinuka bahari. Mama alikuwa kimya kwenye simu, anatazama. Alipomaliza, A-ma alichomoa asumini moja iliyobaki, akainusa, na kabla hatujamwambia lolote akainyoosha mbele ya simu, akaisogeza mpaka ikagusa kioo.

Mama akainamisha uso.